Siku Masufuria Yetu Yalipokuwa Harusini

Mwanzoni mwa mwaka huu alinijia nyumbani Makole, hapa Dodoma, msichana wa chuo, mpole, amebeba mkoba na fungu la fomu. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikampa kiti barazani. Akaniambia anafanya utafiti kuhusu namna majirani wanavyotumia vitu kwa pamoja. Hapa mtaani mnaazimana nini? Mnakodishana nini? Kitu kikiharibika, nani anawajibika? Alikuwa na visanduku vya kuweka alama ya vema, na kalamu tayari mkononi.

Swali la tatu sikulingoja liishe. "Mwanangu," nikamwambia, "ungekuja mwaka juzi ukamkuta mwenye majibu. Mimi usiniulize." Sauti yangu ilipanda mpaka yeye mwenyewe akaanza kukusanya karatasi zake. Alisema, "Samahani mama, labda nije siku nyingine." Nikamwambia asije. Binti wa watu hakuwa amenikosea lolote. Hasira ile haikuwa yake. Ina wenyewe, na mmoja wao ni mimi, na ndiyo maana nimeketi kuandika yale ambayo yasingeenea kwenye visanduku vyake.

Baba yangu alifanya kazi reli. Wiki moja yuko nyumbani, wiki tatu yuko Gulwe au mbele huko, pale maji yanapokula tuta la reli. Mama ni Mgogo wa upande wa Mvumi, aliletwa mjini na ndoa, na huku mjini hakuwa na ndugu. Aliyekuwa naye ni jirani, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa, ambaye mume wake alikuwa akiuza nafaka sokoni. Alimzidi mama umri kidogo, kwa hiyo sisi watoto tulimwita mama mkubwa. Kati ya nyumba yetu na yao palikuwa na uzio wa minyaa, na kwenye uzio palikuwa na pengo. Sijui nani alilifungua. Mimi nilipopata akili nililikuta, ardhi yake imekanyagwa hadi inang'aa.

Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa nilikuwa na miaka minane. Wiki ya pili baada ya uzazi mama alishikwa na homa kali, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Ndugu zake walikuja kumchukua wakampeleka hospitali ya misheni kule kwao Mvumi. Maziwa yalikuwa yamemkauka, na mtoto hakuweza hata kumshika. Baba alikuwa njiani na treni. Nilibaki na yule mtoto mapajani, analia mpaka anageuka rangi, nami nalia naye, na shangazi, dada wa baba aliyekuja kushika nyumba, anahangaika na uji ambao mtoto wa siku kumi na mbili hawezi kuumeza.

Mama mkubwa aliingia kwa lile pengo. Mgongoni alikuwa na binti yake wa miezi minne. Alikaa kwenye mkeka, akamchukua mdogo wangu kutoka mikononi mwangu, akamweka titi. Kelele zikakatika kama umezima redio. Baadaye akamshusha na binti yake, akamweka titi la pili, akaniangalia akasema, "Nenda kanawe uso."

Alimnyonyesha wiki saba. Usiku mtoto alilala kwake. Mama aliporudi, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, mama mkubwa alimletea mtoto amenenepa ana mikunjo shingoni. Nakumbuka maneno yake kwa sababu yalinichekesha: "Mwanao huyu hapa, dada. Ila ujue sasa ni wangu pia. Huyu na binti yangu wasije wakaoana, hata wakipendana vipi. Dini yetu inawahesabu kaka na dada." Mama naye alicheka, akalia, akacheka tena. Lakini lile jambo alilichukua kwa uzito kuliko wengi wa dini ileile. Mpaka wanakua, wale wawili waliitana kaka na dada, na mtu akishangaa, Mgogo na Mrangi, Mkristo na Mwislamu, wanamweleza bila haya: tumenyonya pamoja.

Mama hakumlipa. Hakuna mbuzi aliyepelekwa, hakuna khanga. Waliendelea tu, chumvi ikienda huku, makaa yakija kule, kinu chetu kikilala kwao, jogoo wao akilala kwetu.

Masufuria yalikuja baadaye. Wanawake wa nyumba zetu kumi na kitu walichoka kuhangaika kila penye msiba, wakikimbilia kanisani au kwa mwarabu wa dukani kuomba vyombo. Wakaazima shamba njia ya kwenda Mvumi, wakalima pamoja karanga na alizeti. Nilikwenda nao likizo. Jua la kule halina utani, na ardhi mvua ikichelewa inakuwa kama sakafu. Mwaka wa kwanza walivuna kidogo, mwaka wa pili hawakuvuna kitu, mwaka wa tatu walipata. Walinunua masufuria makubwa matano, yale ambayo mtoto anaweza kuoga ndani, na maturubai mawili. Viti vya plastiki viliongezwa baadaye. Mama alichukua msumari akachora mistari mitatu chini ya mkono wa kila sufuria, ili yasipotelee kwa watu.

Ulipokuja mjadala wa wapi yatunzwe, wengi walisema kwetu, kwa kuwa tulikuwa na stoo ya bati. Mama alikataa. Alimwonyesha mama mkubwa kwa kidevu. "Yakae kwake. Yakikaa kwangu, siku moja mtu atapikia nguruwe bila kufikiri, halafu huyu atakaa kwenye msiba wangu na njaa." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee, na haikuandikwa popote. Pikia chochote unachotaka, nguruwe hapana. Ukiwa na msiba, kipaimara, harusi, unamtuma mtoto aseme tunakuja kuchukua. Huombi. Unasema. Ukimaliza unasugua kwa mchanga na majivu, unarudisha.

Nisiwafanye malaika. Walisengenyana sana. Palikuwa na mmoja aliyeunguza sufuria mpaka kitako kikavimba, akakana mwaka mzima, na kila mtu akijua. Turubai moja lilirudi lina tundu la sigara na wanawake wawili hawakusalimiana hadi Pasaka. Lakini msiba ukitokea, hata wale wawili walikuwa wanashika turubai hilohilo, huyu ncha hii, huyu ncha ile.

Miaka ikaenda. Baba alifariki, mume wa mama mkubwa naye akafariki, na kwa misiba yote miwili watu walikula kutoka kwenye masufuria yale. Nikapata kazi ya ukarani serikalini. Halafu makao makuu ya serikali yakahamia kweli, siyo kwa maneno, na Dodoma yetu ikajaa watu wenye haraka. Kila mwenye uwanja akajenga vyumba vya kupangisha. Mimi nami nikanunua kagari kadogo, na kwa kuwa nina gari, nikaona sina budi kuwa na ukuta. Nikang'oa minyaa, nikapandisha tofali, nikaweka geti na kengele.

Siku mafundi wanaziba pale palipokuwa pengo, mama mkubwa alikuja akasimama upande wake akiwaangalia. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Akaniuliza, "Na mimi nitapita wapi?"

"Geti lipo, mama mkubwa. Kuna na kengele, unabonyeza tu."

Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuwahi kuibonyeza. Mama yangu ndiye aliyekuwa akizunguka na fimbo yake, anatoka getini, anafuata ukuta wote, anaingia kwake. Nilimwona akizunguka kila siku, na nilikunywa chai yangu.

Mdogo wangu alikuwa mwerevu wa mambo ya simu na biashara. Wanawake waliozeeka walimchagua awe katibu wa kikundi, wakaona ni mwanetu, anajua kuandika. Miguu ya mama mkubwa ilipozidi kuwa mibaya, akajitolea vyombo vihamie kwake, ana stoo kubwa yenye kufuli. Hakuna aliyepinga. Baada ya miezi michache akaweka picha kwenye kundi letu la simu: masufuria matano yamesuguliwa yanameremeta, maturubai, viti vimepangwa. Chini ameandika kwamba vyombo vya kikundi sasa vinakodishwa kwa shughuli zote, wasiliana na katibu. Akaongeza kwamba hii itasaidia vitunzwe.

Nilikuwa ofisini. Niliona ile picha, nikaweka kidole gumba, nikaendelea na kazi zangu. Hicho kidole nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko maombi yangu.

Mama hakuwa na simu ya kuona picha, wala mama mkubwa. Siku moja mama mkubwa aliniita nikipita nje ya nyumba yake. "Naona masufuria yanapandishwa kwenye pikapu. Nani kafiwa?"

"Hakuna aliyefiwa, mama mkubwa. Ni harusi ya watu wanaofahamiana na mwanao, mdogo wangu."

"Wanajua habari ya nguruwe?"

"Wanajua," nikasema. Sikujua kama wanajua. Sikuwa nimeuliza. Nilitaka tu kuwahi nyumbani.

Mama mkubwa alifariki siku ya Jumamosi, alfajiri, amelala. Binti yake, yule dada wa kunyonya, alikuja kugonga geti langu kwa kiganja, hakukumbuka kengele. Alikuwa ameshika ushungi mkononi. "Mama kaondoka," akasema, kisha kwa pumzi hiyohiyo, "wanazika alasiri. Watu wa Kondoa wameshapanda gari. Nitumie vyombo."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, hata ndani ya kilio kile hakuomba. Alisema. Nikamjibu, "Nenda kakae na mama, vyombo vinakuja."

Nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia nani kafa. Nikasema, "Lete masufuria na maturubai sasa hivi, watu watajaa kabla ya saa nne."

"Dada," akasema, "yako kwenye shughuli."

"Shughuli gani?"

"Harusi. Wamechukua vyote tangu jana. Hata viti."

Nilimwuliza ni wapi, akanielekeza, ukumbi mmoja nje kidogo ya mji. Akaniomba nisiende, atajaribu kuongea nao. Nilikata simu, nikaingia kwenye gari na kandambili miguuni.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na uwanja wa wapishi. Walikuwa sita au saba, wachangamfu, redio inaimba, moto wa kuni umepangwa kwa mafiga ya mawe. Masufuria yetu yalikuwa pale, nikaiona mistari mitatu ya mama kabla sijazima gari. Mawili yalikuwa na wali. Moja lilikuwa na maji. Mengine mawili yalikuwa yamejaa nyama ya nguruwe, inakaangwa na mafuta yake yenyewe, na pembeni kuna meza yenye vichwa viwili vya nguruwe vilivyokwisha kunyolewa.

Mpishi mkubwa, mama mnene mwenye kofia ya karatasi, aliniona nimesimama. "Karibu dada, wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

"Hayo masufuria," nikasema, nikashindwa kuendelea.

"Tumekodi, mama. Kesho mchana tunarudisha, yameoshwa. Kuna tatizo?"

"Aliyewakodisha hakuwaambia hayapikiwi nguruwe?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Hakutuambia kitu, dada yangu. Haki ya Mungu tungejua tungekodi ya watu wengine. Sasa nifanyeje? Wageni saa nane."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kuyamwaga yale mafuta ardhini. Lakini huyu mwanamke alikuwa na haki yote. Alifuata kila kilichotakiwa. Alipewa chombo na mtu mwenye chombo, akakitumia kwa kazi ya chombo. Ningemdai nini? Nilimwambia hakuna tatizo, nikarudi garini.

Nilipofika mtaani, uwanja wa mama mkubwa ulikuwa umejaa. Wanaume wamesimama juani bila turubai, wageni wa kwanza kutoka Kondoa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Sheikh mzee kabisa, aliyemfungisha ndoa binti wa kwanza wa mama mkubwa, alikuwa ameketi juu ya gogo la kuni. Binti wa marehemu alitoka mlangoni akaja moja kwa moja kwangu.

"Yako wapi?"

"Yamechelewa," nikasema. "Gari limeharibika."

Akaniangalia kidogo tu. Akarudi ndani walikokuwa wanamwosha mama yake.

Aliyeokoa siku ile si mimi. Mama yangu, miaka themanini na ushee, alisimama kwenye fimbo yake katikati ya uwanja akaanza kuwatuma watu kama mwalimu wa zamu. "Wewe, sufuria yako ya nyumbani. Wewe, na ya shemeji yako. Nenda kwa wapangaji, gonga kila mlango." Wale wapangaji, vijana wa maofisini ambao sisi tulikuwa hatuwajui hata majina, walitoka na visufuria vyao vya chai, na rice cooker, na jiko la gesi. Mmoja alileta shuka zake nne zikafungwa kwenye miti ya pazia kufanya kivuli. Tuliwasha moto mdogomdogo kumi na sita, nilihesabu. Wali ukawa mbichi huku, umeungua kule. Maharage yalikwisha kabla ya watu. Wazee wa Kondoa walikula kwa kupokezana sahani, wakashukuru kwa adabu ambayo ilinichoma kuliko matusi.

Mdogo wangu alikuja wakati jeneza linatolewa. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima. Baadhi ya wajomba wa Kondoa walimtazama, wakamnong'oneza mtu, nani huyu. Dada yake wa kunyonya akasema kwa sauti, "Mpisheni. Ni kaka yangu." Akapishwa. Akaweka bega chini ya jeneza, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, akaenda nalo. Na mimi niliyejua masufuria yako wapi, nilitazama bega lile na nikatamani livunjike.

Nilimngoja hadi siku ya tatu, baada ya kisomo cha marehemu. Nilimkuta kwake, anapanga viti vilivyorudishwa.

"Unajua walipika nini?" nikamwuliza.

"Nimeambiwa."

"Uliwaonya?"

"Dada, nilisahau. Watu wanachukua kila wiki, siwezi kumhutubia kila mteja."

"Mteja! Mama mkubwa alikunyonyesha wiki saba. Alikudai nini?"

Alikiweka chini kiti alichokuwa ameshika. "Sawa. Mimi ni mbaya. Lakini vyombo vilikuwa vinaoza kule kwake, turubai limeliwa na panya, wewe ulijua? Nimenunua viti vipya kwa kukodisha hivyohivyo. Hakuna mtu wa mtaa huu niliyemdai kitu. Niliandika kwenye kundi, watu wote wakaona. Wewe uliweka dole. Mimi nimekodisha masufuria. Wewe ulimjengea ukuta. Tangu ukuta umekwisha, uliingia kwake mara ngapi?"

Nilijaribu kuhesabu. Idd mbili. Na ile siku aliyoniita akaniuliza habari ya pikapu.

Nilimwambia tu kwamba mama anajua, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemwambia mama kila kitu, ukuta na kidole gumba na uongo wa gari kuharibika. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nileteeni masufuria."

Kesho yake yaliletwa yote matano, yakawekwa mbele ya nyumba ya mama mkubwa. Sheikh aliulizwa, akasema kwa upole kwamba yaoshwe vizuri kwa maji safi, inatosha, hakuna haja ya kuumizana. Mama alimwitikia vizuri. Halafu akakaa kwenye kigoda, akaomba mchanga, majivu na maji, akaanza kusugua sufuria la kwanza kwa mikono yake yenye mishipa iliyotoka nje. Tulimsihi. Nilishika sufuria, akanipiga mkononi kwa kibonge cha katani alichokuwa akisugulia. Alisugua tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, watu wakipita wanamwamkia, naye anaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

Mdogo wangu alikuja, akavua viatu, akachuchumaa upande wa pili wa sufuria. Mama hakumsalimu, hakumfukuza. Baada ya muda akamsukumia majivu. Walisugua pamoja, mama na mwana, mpaka la tano.

Watu walisema lilikuwa jambo zuri, wengine walitokwa na machozi. Mimi nilikasirika zaidi. Niliona amesamehewa kwa bei ya asubuhi moja, na mimi nilinyimwa hata kusugua. Nilimwuliza mama jioni kwa nini alinizuia. Akasema, "Yeye alichafua masufuria. Wewe hukuchafua sufuria." Sikuthubutu kumwuliza mimi nilichafua nini.

Masufuria yako kwa binti wa marehemu sasa, na tangazo lilifutwa kwenye kundi. Yametoka mara mbili tangu hapo, kwa misiba miwili, watu wakasema tunakuja kuchukua, wakachukua. Wale vijana wapangaji walikuja pia, wanabeba vitu wasivyojua vinapokaa. Ukinisikia ninavyosimulia utadhani mambo yamekaa sawa.

Lakini yule dada aliyenyonya na mdogo wangu, ambaye nilimdanganya huku mama yake akioshwa ndani, hajaniambia neno baya hata moja. Nilimwendea nikamweleza ukweli wote siku ya saba. Alisikiliza, akasema, "Nilijua, dada. Tumshukuru Mungu." Ananisalimia vizuri sana. Ananiuliza hali ya mama, ananiuliza kazi, ananitakia siku njema. Chumvi haombi. Makaa haombi. Mtoto wake hajatumwa kwangu tangu msiba ule. Ningependa anitukane. Kuna siku natoka nyumbani nikiomba anitukane.

Mwezi uliopita upepo ulimng'olea bati. Nilimwona kupitia dirishani akiwa na fundi uwanjani, wanaangalia juu. Nina ngazi ndefu ya chuma. Nikatoka, nikaibeba mwenyewe begani, nzito, nikatoka nayo getini nikazunguka ukuta wote mpaka kwake. Nilipofika nilikuta ngazi nyingine tayari imeegemezwa, ngazi ya mbao, na mwenye kuikodisha amekaa kivulini anaingoja.

"Asante sana, dada," akaniambia, na akatabasamu. "Tumeshapata."

Nikaibeba ngazi yangu nikarudi nayo.